Kumtenga Mgonjwa Si Kumtupa

Katika lugha yetu kuna neno la zamani ambalo hutamkwa kila siku bila kufikiriwa sana, nalo ni neno kuuguza. Mtu akiugua, hapana budi awepo mwingine wa kumwuguza. Vitendo hivi viwili vimetoka katika shina moja, na kimoja hakikamiliki bila kingine. Siku hizi tukisikia neno muuguzi, fikira zetu humwendea mara moja mtu aliyehitimu chuoni, aliyevaa mavazi ya kazi, naye hupokea mshahara kila mwezi. Fikira hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Kabla ya chuo chochote cha uuguzi kufunguliwa katika nchi hii, muuguzi alikuwa mama, shangazi, dada, mke au mjukuu. Alikuwa yule aliyekesha kando ya kitanda, aliyejua kwamba mgonjwa wake hapendi uji wa moto, na kwamba akinyamaza sana ndipo maumivu yake yamezidi.

Nia ya insha hii ni kueleza yaliyompata muuguzi huyo wa nyumbani katika miaka 2020 na 2021, wakati wa janga la korona, khasa katika miji ya Thika na Ruiru iliyo katika kaunti ya Kiambu. Wengi wenu mnaosoma maneno haya mlikuwa wadogo wakati ule. Mwakumbuka kufungwa kwa shule na kuvaa barakoa, lakini huenda hamkujua lililokuwa likipita katika malango ya hospitali. Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za vita, watawala na mikataba. Hiyo ni sehemu yake tu. Lango la hospitali nalo lina historia yake, na atakaye kuijua nchi yapasa aulize ni nani aliyeruhusiwa kuingia katika lango hilo, na ni nani aliyebaki nje.

Tuanze na siku za nyuma. Katika nyumba za Wakikuyu na Wakamba waliokaa pande za mito ya Chania na Thika, mgonjwa aliuguzwa nyumbani. Mganga aliitwa, akaja, akatoa dawa zake, akapokea ujira wake, akaenda zake. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo iliyokuwa ndefu, ilikuwa ya jamaa: kuwasha moto, kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha na kumtuliza. Hospitali zilikuja baadaye. Huko Nairobi hospitali ya wenyeji ilianzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikaitwa kwa jina la Kenyatta, ambalo inalo hata leo. Huko Thogoto wamisionari wa Kanisa la Scotland walikuwa na hospitali yao tangu mwaka 1908. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge yakawavuta wafanyakazi kutoka mbali, watu ambao wakiugua hawakuwa na mama wala dada karibu nao.

Mwaka 1918 mafua makali yaliyokuwa yakiizunguka dunia yalishuka katika bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba, kisha yakaingia bara pamoja na abiria wa reli. Hospitali zilikuwa chache mno, na waliougua walikuwa maelfu kwa maelfu. Basi wengi wa waliopona walipona mikononi mwa jamaa zao, na wengi wa waliokufa walikufa mikononi mwa jamaa zao. Mfano huu yafaa tuushike, kwa kuwa miaka 102 baadaye mambo yalikuwa kinyume: hospitali zilikuwapo, madaktari walikuwapo, lakini mikono ya jamaa ilizuiwa.

Mtu aweza kusema kwamba hospitali ilipokuja ilimpumzisha jamaa kazi yake ya zamani. Sivyo. Aliyewahi kulaza mgonjwa katika hospitali ya umma nchini Kenya ajua kwamba jamaa alihama tu na kazi yake, akatoka jikoni akaingia wodini. Yeye ndiye aliyeleta chupa ya chai asubuhi na uji mchana. Yeye ndiye aliyebadilisha shuka, akamsaidia mgonjwa kwenda haja, akamgeuza ubavu ili asitoke vidonda vya mgongo. Dawa isipopatikana hospitalini, yeye ndiye aliyekwenda kuitafuta madukani. Ajuza aliyejua Kikuyu au Kikamba tu alipoulizwa maswali kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mjukuu wake ndiye aliyekuwa mkalimani. Maji ya mishipa yalipokaribia kwisha usiku, jamaa ndiye aliyeyaona kwanza akamwita sista. Katika daftari la hospitali mtu huyo huitwa mgeni, na saa zake za kuingia huandikwa langoni. Kwa hakika yeye ni mfanyakazi asiye na mshahara.

Hili si dhana tupu. Katika miaka michache kabla ya janga, watafiti walikaa katika wodi za watoto wachanga katika hospitali kadhaa za Nairobi, wakatazama kazi ya wauguzi saa kwa saa. Waliona kwamba muuguzi mmoja huwa na watoto wengi kuliko awezavyo kuwatunza, kwamba kazi nyingi zinazopaswa kufanywa hazifanywi kwa kukosa wakati, na kwamba kulisha na kusafisha watoto huachiwa mama zao. Wauguzi hao hawakuwa wavivu, walikuwa wachache. Pengo lililoachwa na uchache wao lilizibwa na jamaa, na kwa kuwa lilizibwa kimya kimya, halikuonekana.

Sasa tuufikie mwaka 2020. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la ulimwengu. Tarehe 13 Machi serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa. Alitangaza kufungwa kwa shule, akawataka watu waepuke mikusanyiko, na pamoja na hayo akaagiza kwamba kwenda kuwatazama wagonjwa waliolazwa kupunguzwe, katika hospitali za serikali na katika hospitali za watu binafsi. Siku hiyo magazeti na redio zilizungumza zaidi juu ya shule. Sentensi ile fupi juu ya hospitali ilipita upesi masikioni mwa wengi, isipokuwa wale waliokuwa na mgonjwa wodini.

Kuanzia tarehe 27 Machi kafyu ilianza: hapana mtu kuonekana nje tangu saa 1 ya usiku hata saa 11 ya alfajiri, ila wenye kazi za lazima. Wazee wa Kiambu na Murang'a walilifahamu neno hilo. Walikuwa wamelisikia mara ya kwanza baada ya tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, nao wakaishi miaka mingi chini ya amri za kutotoka nje na vibali vya kusafiri. Sababu za mwaka 2020 zilikuwa nyingine kabisa, lakini mguu wa mtu anayewahi nyumbani kabla ya giza hukimbia kwa namna ile ile. Jamaa aliyekuwa akifika hospitalini jioni baada ya kazi sasa hakuweza tena. Jua likishuka alikuwa njiani kurudi kwake. Hata mama mwenye uchungu wa kuzaa alipata shida kupata gari usiku. Daktari mmoja wa Nairobi, Jemimah Kariuki, alipoona shida hiyo alianzisha mwezi wa Aprili huduma ya kuwapeleka waja wazito hospitalini bila malipo wakati wa kafyu.

Kisha likaja jambo lililoigusa Thika kuliko miji mingine. Tarehe 6 Aprili 2020, kuanzia saa 1 ya jioni, watu walikatazwa kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake. Upande wa kaskazini mpaka wa eneo hilo uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Thika, karibu na maporomoko ya maji. Ruiru na Thika zilikuwa ndani; Murang'a ilikuwa nje. Amri ilisema kwamba vyakula na shehena nyingine zitaendelea kupita kama kawaida. Mwanzoni ilitangazwa kuwa ya siku 21, lakini iliongezwa mara kwa mara hata ikaondolewa tarehe 7 Julai, yaani baada ya miezi mitatu kamili.

Yafaa tuufikirie mpaka huo kwa makini. Kwa mwenyeji wa Makuyu au Gatanga, Thika si ugenini. Ndiko aendako sokoni, na ndiko aendako akizidiwa na ugonjwa, kwa kuwa hospitali kubwa ya karibu iko huko. Tuweke mfano wa mama mmoja wa Makuyu ambaye mwanawe amelazwa Thika. Kabla ya Aprili angepanda matatu asubuhi na kikapu chake, akavuka daraja, akamlisha mwanawe, akarudi. Baada ya amri ile, lori la ndizi kutoka Murang'a liliweza kuvuka Chania, lakini mama na kikapu chake alikuwa na maswali ya kujibu mbele ya polisi. Na kama angevuka, bado kulikuwa na lango la hospitali mbele yake. Fedha aliweza kuzituma kwa simu. Uji haupiti katika simu.

Shida ya Ruiru ilikuwa ya namna nyingine. Mji huo umekua upesi mno, khasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Waliohamia humo wametoka kila pembe ya Kenya: Nyanza, Magharibi, Ukambani, Meru, Nyeri. Wengi wao hukaa katika vyumba vya kupanga, na jamaa zao wako mashambani. Mtu wa namna hiyo akiugua siku za kawaida, ndugu hupanda basi usiku na kufika alfajiri. Katika miezi ile mitatu ndugu hakuweza kuja, kwa kuwa pande zote njia zilikuwa zimefungwa. Basi mgonjwa wa Ruiru aliweza kujikuta kama wale wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wa zamani: katika mji wenye watu wengi, bila mtu wake.

Wale walioambukizwa korona walitengwa mbali zaidi. Hospitali ya Mbagathi jijini Nairobi, ambayo tangu zamani ilijengwa kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza, ilitumiwa kuwatenga. Hospitali ya rufani ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyo jirani na Ruiru, ikawapokea wengine. Katika kaunti ya Kiambu hospitali ya Tigoni, huko upande wa Limuru, iligeuzwa kuwa ya wagonjwa wa korona. Mkaaji wa Thika aliyepelekwa Tigoni alivushwa kaunti nzima, na jamaa waliobaki walingoja habari. Mgonjwa akifa, hata msiba ulikuwa umepunguzwa, kwa maana mwezi wa Machi iliamriwa kwamba mazishi yahudhuriwe na jamaa wa karibu tu.

Je, waliofunga milango walikuwa na makosa? Mwandishi wa historia hapaswi kuwahukumu watu kwa kujua yale ambayo wao hawakuyajua bado. Mwezi wa Machi 2020 chanjo haikuwapo. Chanjo za kwanza zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021. Barakoa na mavazi ya kujikinga yalikuwa machache hata kwa madaktari. Wodi zetu zina vitanda vilivyokaribiana, na wageni 40 katika chumba kimoja saa ya mchana ni njia nyepesi ya kupita ugonjwa. Zaidi ya hayo, wafanyakazi wa hospitali walikuwa wakihatarisha maisha yao wenyewe. Tarehe 10 Julai 2020 alifariki Daktari Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza kufa kwa korona nchini Kenya; hakuwa ametimiza hata miaka 40. Kabla ya kumlaumu mtumishi aliyefunga lango, tukumbuke kwamba jioni alirudi nyumbani akiogopa kuwakumbatia watoto wake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na ugonjwa huu uliletwa na wale wale watu tunaowapenda.

Lakini kukubali kwamba mlango ulikuwa na sababu ya kufungwa si kukubali kwamba ulifungwa vizuri. Kulikuwa na hasara, na hasara hiyo ilionekana kwanza kwa walio wanyonge. Mwezi wa Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi nyingi watoto wachanga walikuwa wakitengwa na mama zao kwa hofu ya korona, na kwamba kuwaweka mama na mtoto pamoja, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akibebwa kifuani mwa mamaye, kungeweza kuokoa maisha ya watoto wachanga hadi 125,000. Tuitazame hesabu hiyo. Mama alizuiwa kwa kudhaniwa kuwa ni hatari, kumbe kifua chake kilikuwa dawa. Mzee aliyepoteza fahamu, kiziwi, mtoto, na yule asiyejua lugha ya daktari nao walikuwa katika hali kama hiyo: kwa hao jamaa si pambo la wodi, ila ni sehemu ya matibabu.

Jambo la kushangaza zaidi lilitokea mwezi wa Juni. Wagonjwa walipozidi, na ilipoonekana kwamba wengi wao hawana dalili nzito, Wizara ya Afya ilitangaza tarehe 10 Juni 2020 utaratibu wa kuwatunza wagonjwa wa korona majumbani. Utaratibu ule ulitaka mgonjwa awe na chumba chake chenye kupita hewa, na awepo mtu mmoja mzima wa afya wa kumhudumia, akiwa na barakoa na kunawa mikono, huku wahudumu wa afya wa kijijini wakifuatilia hali yake. Hebu tulinganishe. Mwezi wa Machi jamaa aliambiwa, "Kaa mbali, wewe ni hatari." Mwezi wa Juni jamaa yule yule aliambiwa, "Mchukue mgonjwa wako, wewe ndiwe hospitali." Na katika hayo mawili, la pili lilimpa maelekezo ya kazi, likamwonyesha namna ya kujikinga. Kama iliwezekana kumfundisha jamaa mmoja kujikinga chumbani kwake Ruiru, mahali ambapo chumba ni kimoja, choo ni cha wapangaji wote na bomba ni la ua mzima, mbona isiwezekane kumfundisha jamaa mmoja kujikinga katika wodi ya Thika, yenye maji, sabuni na muuguzi wa kumwangalia?

Swali hilo lina jawabu, na jawabu lake liko katika historia ya majirani zetu. Mwezi wa Oktoba 2000 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Gulu, kaskazini ya Uganda. Ni ugonjwa mkali kuliko korona kwa kila anayeambukizwa. Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyeongoza vita juu yake, alikufa kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba mwaka ule, baada ya wauguzi wake kadhaa kufa. Wataalamu waliokwenda kuchunguza desturi za Waacholi walitarajia kukuta mazoea ya kueneza ugonjwa tu, na kweli baadhi ya desturi za mazishi zilikuwa za hatari. Lakini walikuta pia sheria ya kale iliyotumiwa linapoingia pigo ambalo Waacholi huliita gemo. Mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali kiasi cha hatua mia na nyumba nyingine. Mlangoni husimikwa miti miwili ya matete, ili mpitaji ajue asiingie. Wageni hukatazwa. Lakini mgonjwa haachwi peke yake: mtu mmoja aliyewahi kuugua pigo hilo akapona huteuliwa kumlisha na kumtunza.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wale wazee hawakusoma vitabu vya vijidudu, lakini walitenganisha mambo mawili ambayo sisi mwaka 2020 tuliyachanganya. La kwanza ni kuzuia kundi. La pili ni kumnyima mgonjwa mtu wake. La kwanza ni busara. La pili si lazima lifuate. Kumtenga mgonjwa si kumtupa.

Mfano wa pili watoka mashariki ya Kongo. Ebola ilipozuka katika Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018, watu wengi wa Beni na Butembo waliziogopa sehemu za kutengea wagonjwa, kwa sababu mtu aliingia huko na jamaa zake wasimwone tena ila katika mfuko wa maiti. Hofu hiyo iliwafanya wafiche wagonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Shirika la madaktari liitwalo ALIMA lilileta chumba chenye kuta za plastiki nyeupe ya kuonyesha. Mgonjwa alilala ndani. Jamaa walisimama nje, karibu kabisa, wakamwona akinywa maji, wakazungumza naye, naye akawajibu. Watu waliopona ugonjwa, ambao sasa miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walilazwa. Janga hilo lilichukua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, siku zile zile ambazo daraja la Chania lilikuwa limefungwa. Maarifa hayo yalikuwa hapa hapa Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa Ulaya walizaliwa wakiyajua haya. Mpaka miaka ya 1950 hospitali nyingi za Uingereza zilimruhusu mzazi kumwona mtoto wake aliyelazwa mara moja tu kwa juma, na nyingine hazikumruhusu kabisa, kwa hoja kwamba mtoto hulia mzazi akiondoka na kwamba wageni huleta maradhi. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku chache bila mamaye. Madaktari wengi waliikasirikia. Lakini mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote ufaao, na kwamba mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulala nao. Kwa hiyo mlango uliofungwa kwa nia njema waweza kufunguliwa kwa ushahidi mwema.

Kabla ya kumaliza, yapasa tujihadhari na kosa la upande wa pili. Sifa tunazompa jamaa zisiwe kisingizio cha kuwanyima wagonjwa wauguzi. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima ni upungufu mbele ya janga na baada yake, na upendo wa mama haufai kutumiwa kuufunika. Tena wako wagonjwa wasio na jamaa: mgeni wa Ruiru, mzee aliyefiwa na wanawe, kijana aliyeokotwa barabarani. Hospitali inayotegemea kikapu cha jamaa humwacha huyo na njaa. Haki ni kwamba muuguzi wa mshahara awe wa kutosha, na muuguzi wa nyumbani awe na heshima yake. Mkono mmoja haulei mwana.

Basi janga jingine likija, nalo litakuja kwa kuwa dunia haijakoma kuugua, tufanye nini? Naona mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila mgonjwa na awe na jamaa mmoja aliyeandikwa jina, apewe barakoa, afundishwe kunawa na kujikinga, aruhusiwe kuingia kwa saa maalumu. Wengine wakae nyumbani. Mahali ambapo hata mmoja hawezi kuingia, iwekwe saa moja ya siku ambayo jamaa hupewa habari za mgonjwa wao bila kubembeleza, na mgonjwa asaidiwe kusema nao kwa simu. Mama na mtoto wake mchanga wasitenganishwe ila kwa lazima kubwa ya matibabu. Na yule ambaye daktari ameona kwamba mwisho wake umekaribia, asiage dunia bila mtu wake mmoja kumwona. Haya yaandikwe wakati wa afya, kwa maana amri zinazotungwa katika hofu huwa na lango lakini hazina dirisha.

Kafyu iliondolewa Kenya tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, siku ile ile ya mwezi ambayo hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Katika Kenya watu zaidi ya 5,600 waliandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Hesabu hiyo imo katika vitabu. Ambayo haimo ni hesabu ya wale waliosimama nje ya uzio wakiwa na chupa ya chai mkononi, wakamwomba askari ampelekee mgonjwa. Wala ya wale wagonjwa waliotazama mlango hata saa ya kutazama wagonjwa ikapita.

Hao wangali hai wengi wao, nao wako majumbani mwenu. Waulizeni baba na mama, waulizeni nyanya na babu, kwamba mwaka 2020 ni nani alikuwa hospitalini, na ni nani aliyempelekea chakula, na lango lilimjibu nini. Kisha yaandikeni mtakayoambiwa, mweke tarehe na mahali. Itakapofika siku ya kutunga amri nyingine za hospitali, watungaji wake watahitaji kusoma.